Naomba ushauri: michoro ya wanafunzi iliyofuata mtindo wa Romero Britto

Ndugu wanachama, salaam. Ninafundisha sanaa, na wanafunzi wangu wamemsoma Romero Britto, mchoraji aliyezaliwa Recife, Brazili, mwaka 1963, akahamia Miami na kupata jina baada ya kuchora tangazo la Absolut, chapa ya pombe aina ya vodka, mwaka 1989. Wamependa mno mistari yake minene myeusi inayotenganisha rangi kali, hata mmoja amechora jogoo wa kwao mwenye bawa la nukta za waridi, kazi nzuri kweli. Tunakusudia kuiuza michoro hiyo kwenye maonyesho ya shule, na tayari nimeondoa yote iliyonakili picha zake moja kwa moja. Je, kuuza iliyobaki, inayofuata mtindo tu, kunagusa hakimiliki yake? Na je, tumtaje kwenye maelezo ya picha?