MJADALA: Sharti la fedha kwenye viza ya mwanafunzi libaki au lifutwe?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kila msimu wa kuomba vyuo vya nje ukifika, kilio ni kilekile: nchi fulani inamtaka mwanafunzi athibitishe, mbali na ada, kwamba ana fedha za kujikimu. Wengi wanasema sharti hili limewekwa kuwafungia mlango watoto wa wasio nacho, kwa hiyo lifutwe. Mimi nasema libaki, tena liwe gumu zaidi kuchezewa. Najua nitashambuliwa, karibuni.

Tazameni linavyofanya kazi. Ujerumani, kwa kawaida, unaweka euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti maalumu iliyozuiwa. Huwezi kuzichota zote ukifika; unapewa hadi euro 992 kila mwezi, basi. Uingereza ni stori nyingine: unaonyesha taarifa ya benki kwamba fedha zimekaa siku 28 mfululizo. Viza ikishatoka, hakuna tena anayezilinda.

Hapo ndipo pesa ya kuonyesha inapozaliwa. Anakopwa mjomba, rafiki wa mjomba, au yule bwana wa riba. Fedha zinakaa, taarifa inachapwa na kugongwa muhuri, viza inatoka, fedha zinarudi kwa mwenyewe. Kijana anapanda ndege na deni mgongoni na mkoba mwepesi. Akifika, mwenye nyumba anataka amana na mdhamini anayeishi nchi hiyo. Mdhamini hana, basi anaambiwa alipe kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Kazi anaruhusiwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, naye anahitaji mara mbili ya hizo. Anaanza kufanya kazi kwa jina la mtu mwingine, anayemkata sehemu ya mshahara, na siku akinyimwa wote hana pa kushtaki.

Kanada nako: kwa takriban miaka 20 mwombaji mmoja alitakiwa kuonyesha dola 10,000 za huko kwa mwaka. Januari 2024 kiasi kikaruka hadi 20,635. Watu wakapiga kelele kwamba wamekomolewa. Lakini kodi za nyumba hazikuwa zimesubiri 2024 ndipo zipande! Waliokwenda miaka ya mwisho wakiamini ile 10,000 ndio waliodanganywa.

Mchangiaji:
Mleta mada, umeongea kama mtu ambaye hizo 11,904 anazo. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, kwa hiyo mlango halisi ni hiyo akaunti. Kijana ana akili, ana barua ya chuo, anakwama kwa sababu ukoo mzima hauwezi kuweka fedha hizo kwa pamoja. Unamlinda na nini? Na elimu?

Halafu kama wanawajali wanafunzi kiasi hicho, watueleze haya. Australia ilipandisha ada ya viza ya mwanafunzi kutoka dola 710 za kwao hadi 1,600 Julai 2024, na mwaka uliofuata ikafika 2,000. Ukinyimwa, hurudishiwi. Uingereza unalipia huduma ya afya paundi 776 kwa kila mwaka wa masomo, na unalipa yote kabla hujakanyaga uwanja wa ndege. Huko nako ni kumlinda nani?

Mleta mada:
Hapo kwenye ada za viza sina ugomvi nawe hata kidogo. Lakini usichanganye mafungu. Ada ya viza inakwenda kwao. Fedha za akaunti ni zako, na ukinyimwa viza unarudishiwa. Anayepata ufadhili wa kutosha haombwi akaunti, barua ya ufadhili inatosha. Kuna pia njia ya mkazi wa kule kusaini kwamba atakubeba.

Mzazi:
Naomba nami nichangie, maana mnasahau jambo linalotukosesha usingizi sisi tunaotuma fedha: kubadilika kwa thamani. Nigeria ilipoiachia naira sokoni Juni 2023, dola ya Marekani ilikuwa chini ya naira 500. Mapema 2024 ilikuwa imepita 1,500. Mzazi aliyepanga kulipa kwa awamu alijikuta ada ileile imekuwa mara tatu, na hajabadilisha kazi wala mshahara. Aliyekuwa ameshabadilisha fedha zake kuwa euro zikakaa kwenye akaunti, mwaka wake wa kwanza ulipita salama.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta mada, ila kwa mwaka wa kwanza tu. Shahada ni miaka mitatu au minne. Mwaka wa pili nani analinda? Kibali kikiisha anatakiwa aonyeshe fedha upya, na safari hii yuko kule, hana mjomba wa kumkopesha. Naona vijana wanavunjikia hapo zaidi kuliko mwanzo.

Mpita njia:
Niongeze dogo. Amana ya nyumba Ujerumani inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Akaunti inakupa 992 kwa mwezi, na humo kuna bima ya afya, kodi na chakula. Sasa hiyo amana inatoka wapi? Mwenye 11,904 kamili na si senti zaidi amekwama mwezi wa kwanza kabisa, huku fedha zake akiziona kwenye simu.

Mleta mada:
Mpita njia, hilo ni kweli. Waruhusu fungu kubwa mwezi wa kwanza, litatue hilo la amana.

Mama, swali lako la mwaka wa pili ni zito kuliko mada yangu. Sioni sharti lolote la ubalozini linaloweza kulijibu. Ni familia kukaa chini na kupiga hesabu ya miaka yote kabla ya kuuza chochote, na wengi tunapiga ya nauli na muhula wa kwanza.

Mchangiaji:
Mnawabebesha familia kila kitu. Vyuo je? England mwanafunzi wa nyumbani wa shahada ya kwanza amewekewa ukomo wa ada na serikali, miaka mingi ulikuwa paundi 9,250. Wa nje hana ukomo, chuo kinapanga kinavyotaka, na kinaweza kumpandishia akiwa katikati ya masomo. Sharti lianzie huko: chuo kimwandikie mwanafunzi ada ya miaka yote siku anayomkubali, isiguswe. Baada ya hapo ndipo mje kuniuliza nina kiasi gani benki.

Mleta mada:
Hilo la ada kutoguswa naliunga mkono kwa mikono miwili. Ila mwenye nyumba haishi kwa barua ya chuo, na wewe bado hujanijibu: sharti likifutwa, kodi ya mwezi wa nne analipa nani?