Naomba ushauri: najua Python kiasi, nianze kuchangia mradi gani?

Habari zenu wakuu. Nina mwaka na nusu tangu nianze Python, lugha ya kuandika programu za kompyuta, na imeniingia kweli. Kwa sababu ya bando, nilishusha nyaraka zote za docs.python.org kwenye faili moja la zip, nikawa nazisoma usiku bila intaneti. Nimeshamwandikia mama programu ya duka: inasoma faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) na kumtolea jumla ya mauzo na deni la kila mteja. Anaifungua kila jioni kabla ya kufunga.

Sasa natamani kuchangia mradi wa programu huria (open source), ambao yeyote anaweza kuchangia, maana kusoma peke yangu nimekwama. Nimepitia Django, mradi wa Python wa kutengenezea tovuti. Wana tiketi (orodha ya kazi za kufanya) zenye alama ya kazi nyepesi, ila nyingi nakuta zina mtu tayari. Kilichonivuta zaidi ni tafsiri yao ya Kiswahili, inayofanyika kupitia Transifex, tovuti ya kutafsiria programu. Masakhane, jumuiya ya watafiti wa kufundisha kompyuta lugha za Afrika, nao nawapenda sana kwa kazi yao, lakini hisabati yake bado nzito kwangu.

Mliopita njia hii, nianze na tafsiri au nikomae na kuandika programu yenyewe (code)? Na mabadiliko yenu ya kwanza mliyotuma kule GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana kwenye programu, yalichukua muda gani kujibiwa? Laptop yangu ina RAM ya GB 4.