Makato miaka 38 Uingereza, leo pensheni haipandi kwa sababu naishi Unguja!

Ndugu zangu, nimenyamaza vya kutosha.

Nimeendesha basi London miaka 38. Kila mshahara ulipotoka, bima ya taifa, yaani makato ya pensheni, ilikuwa imeshakatwa, sawa na ya rafiki yangu Mjamaika tuliyekuwa tukipokezana zamu. Tulistaafu pamoja 2016, yeye akarudi Kingston, mimi nikarudi kwetu Unguja. Wakati huo kila mmoja alikuwa akipata pauni 155.65 kwa wiki. Aprili 2025 yake ilifika 230.25. Yangu ni 155.65 ile ile mpaka leo! Mchele umepanda, dawa za presha zimepanda, nauli imepanda, mimi nimewekwa palepale.

Sababu wanayoitoa ni kwamba Uingereza haina mkataba na Tanzania wa kupandisha pensheni. Jamaika wanao, Ufilipino wanao, Marekani wanao. Kenya hawana, Afrika Kusini hawana, hata Kanada na Australia hawana. Kanada imeomba mara kadhaa wazungumze jambo hili, na Uingereza imekataa. Sasa huo mkataba unakosekana kwa kosa la nani? Wastaafu 13 walilifikisha mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, 2010 wakashindwa.

Kilichonichoma zaidi ni safari yangu ya 2023. Nilikwenda Uingereza wiki sita kumwona mjukuu wangu. Nikaambiwa kwamba nikiwa kule nina haki ya kiwango kipya, nikajaza fomu, na kweli nikalipwa 203.85 kwa wiki. Niliporudi nyumbani tu, ikashushwa tena 155.65. Mtu ni yule yule, makato ni yale yale, na mgongo unaoniuma kwa kukaa kwenye kile kiti ni huu huu. Wallahi nililia.

Halafu kuna ile fomu ya kuthibitisha kuwa bado u hai. Inatakiwa irudi ndani ya wiki 16, imesainiwa na shahidi wanayemkubali. Mwaka jana ilinifikia posta ikiwa imeshachelewa. Nikasainiwa na daktari siku ile ile na kuituma, lakini pesa zikakatwa. Miezi miwili nikakopa dukani kwa jirani, mimi mtu mzima wa miaka sabini na kitu. Nikipiga simu nasikilizishwa muziki hadi salio linakwisha.

Mlioko Uingereza mkikaribia kustaafu, ulizeni habari hii kabla hamjauza nyumba na kufunga mizigo. Mimi sikuambiwa na mtu.

Na nauliza: yupo aliyesimamishiwa malipo kwa fomu kuchelewa akalipwa malimbikizo yake yote? Aliandika barua wapi, na ilichukua muda gani? Mimi nimelipwa sehemu tu, bado nadai wiki tatu.