Tupeane uzoefu: siku ya derecho Cedar Rapids, na msaada ulivyotufikia

Baba Imani
Habari zenu ndugu. Jana jioni simu zote nyumbani zililia kwa mpigo, tahadhari ya upepo mkali kaunti ya Linn. Upepo wenyewe ulipita pembeni, haukuangusha hata tawi. Lakini mtoto wangu wa miaka tisa nilimkuta kabatini, amejikunja juu ya viatu, ameziba masikio kwa viganja. Agosti 10, 2020, siku ya derecho, ile dhoruba ya upepo iliyopiga Cedar Rapids hapa Iowa, alikuwa na miaka minne. Nilidhani ameshasahau.

Leo kazini nikakuta Wamarekani wawili wanabishana yale yale ya mwaka ule: mmoja anasema serikali ilitutupa, mwingine anasema ilifanya kila lililowezekana. Hakuna aliyezungumzia watu waliolala nje upande wa kusini-magharibi. Nikaona tuliokuwepo tusimulie wenyewe. Ulikuwa wapi? Nani alikufikia wa kwanza? Na hela ya serikali uliiona, au uliisikia tu?

Bibi Kigoma
Nilikuwepo. Siku kumi na tatu bila umeme. Friza nzima ya samaki nilimwaga.

Mama Furaha
Mimi nilikuwa napika sombe, majani ya mhogo. Saa sita na nusu mchana, watoto wote wanne ndani kwa sababu ya korona. King'ora kikalia, nikasema ni mvua za kawaida, maana huku king'ora hulia mara nyingi. Nikatazama dirishani, mbingu imekuwa rangi ya maji ya bwawa. Tulikaa ghorofa ya tatu, ya juu kabisa.

Niliwaingiza watoto bafuni, nikavuta godoro nikawafunika. Paa liliinuka kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Likarudi. Likainuka tena, likarudi. Mara ya tatu halikurudi. Nikawa naona mawingu kutoka ndani ya bafu langu, na maji yanaingia pamoja na ile sufi ya rangi ya waridi wanayoweka kwenye dari, inawasha mwili mzima. Watu walikuja kutuambia baadaye kwamba ilikuwa dakika arobaini na tano. Mimi niliimba nyimbo zote za kanisani ninazozijua, zikaisha, nikaanza upya.

Ulipotulia, nikasikia watu wanaitana majina nje, Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, Kibembe. Simu hakuna. Redio hakuna. Siku ya pili meneja wa majengo akaja na karatasi, akabandika milangoni: jengo halifai kukaliwa, tokeni. Tuende wapi? Hakujibu. Wenye magari walilala kwenye magari. Sisi tusio na gari tukalala kwenye nyasi mbele ya jengo, juani mchana, mbu usiku, mpaka watu wasiotujua wakatuletea hema, zile ndogo za kwenda nazo kuvua samaki.

Nilikaa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na nne. Hema nalijua. Nilichukua kijiko kikubwa cha kupikia nikachimba mfereji kuzunguka hema letu na njia ya kutokea maji, maana niliona ardhi inainamia upande wetu. Mvua ilipokuja usiku, hema za jirani ziliingia maji, letu kavu. Asubuhi mama mmoja Mmarekani, naye alilala pale pale na wajukuu, akaja kuniomba nimchimbie. Nikachimba hema saba.

Walionifikia wa kwanza ni Wakongomani wenzetu kutoka Iowa City, walikuja na unga, barafu na nepi. Halafu kanisa. Halafu waandishi wa habari. Maafisa wenye vitambulisho shingoni niliwaona baada ya picha zetu kutoka. Nauliza tu: kama picha zisingetoka?

Neema wa Tanga
Pole sana mama. Hapo kwenye kijiko nimelia.

Selemani IC
Nilikuwa kwenye lile gari la barafu. Tulitoka na magunia mawili ya unga tukidhani tutabaki na moja. Tulirudi mara tatu.

Mhasibu
Poleni wote, lakini tuseme haki. Kwanza watu wafahamu ule haukuwa upepo wa kawaida. Pale Atkins ulipimwa maili 126 kwa saa, na kwa uharibifu wa majengo hapa Cedar Rapids walikadiria maili 140, yaani kilomita 225. Hicho ni kimbunga cha baharini kimekuja nchi kavu, bila ile taarifa ya siku nne wanayopata watu wa Florida. Ulisafiri maili 770 kwa saa kumi na nne. Umeme ulikatika karibu mji mzima, simu zikafa. Serikali gani ingefika kesho yake? Tarehe 10 upepo, tarehe 16 gavana Reynolds akaomba, tarehe 17 rais akasaini. Siku saba. Aprili mwaka ule ule mto Mulongwe ulisomba nyumba Uvira kule Kongo, ndugu zangu wamesubiri nani? Tujifunze kushukuru.

Mzee wa Fizi
Mhasibu mwanangu, Uvira usiitaje kwa kunyamazisha watu. Mimi nina makaburi Uvira. Aliyelala njaa huku hashibi kwa kuambiwa kuna aliyelala njaa kule.

Na hiyo siku saba uisome yote. Gavana aliomba karibu dola bilioni nne. Kati ya hizo, bilioni 3.77 zilikuwa za kilimo. Nyumba za watu zilizovunjika, zaidi ya elfu nane, ziliombewa milioni 82.7. Na tarehe 17 kilichosainiwa ni cha kuondoa vifusi na kutengeneza mali za umma. Msaada wa familia ulikuwa bado. Familia za kaunti ya Linn ziliruhusiwa tarehe 20, kaunti nyingine zikasubiri zaidi. Tarehe 18 rais Trump alikuja, akapewa taarifa pale uwanja wa ndege, akaondoka. Tarehe hiyo Mama Furaha alikuwa anachimba mifereji.

Mhasibu
Shikamoo mzee. Sikumaanisha kudharau. Lakini mahindi yalilala chini mamilioni ya ekari, maghala ya chuma yalikunjwa kama makopo ya soda. Huku uchumi ni mahindi. Na sheria ina ngazi: jiji, kaunti, jimbo, halafu ndipo serikali kuu. Rais hasaini kabla gavana hajaomba, na gavana lazima apeleke hesabu ya uharibifu.

Mzee wa Fizi
Marahaba. Ngazi naijua. Ninachosema, aliyekuwa chini ya ngazi ndiye aliyenyeshewa. Walinzi wa Taifa (askari wa National Guard) waliingia mjini Ijumaa tarehe 14, upepo ulikuwa Jumatatu. Hapo katikati viongozi walikuwa wanaelezana nani alitakiwa amwombe nani. Mahindi yana bima. Sombe ya Furaha haina.

Kaka Mitumba
Na televisheni za taifa zilikuwa wapi? Wiki ile yote ni kampeni. Shemeji yangu yuko Texas, alijua siku ya nne.

Dereva 380
Mimi siku hiyo nilikuwa barabarani. Trela tupu, natoka Iowa City naelekea kaskazini kwa I-380, karibu na njia ya Swisher. Sikuwa na redio ya hali ya hewa. Upande wa kushoto nikaona ukuta. Si wingu, ukuta, mweusi chini, juu kijivu, unatembea juu ya mahindi na mahindi yanalala mbele yake kabla haujafika. Nikapunguza mwendo niegeshe pembeni. Sikuwahi kusimama. Trela iliinuka upande wa kushoto taratibu, taratibu kabisa, kama mtu anayegeuka kitandani, na kichwa cha gari kikafuata. Nikajikuta naning'inia kwenye mkanda, mlango wa abiria uko chini yangu, kioo cha mbele kimepasuka na majani ya mahindi yanaingia. Nilikaa hivyo mpaka mvua ilipokatika. Kikombe changu cha chai kilikuwa kimesimama wima juu ya dirisha la abiria, na chai imo.

Aliyenitoa ni mkulima na mwanawe, walipanda juu ya kichwa cha gari kwa ngazi ya ghalani. Yule mzee ghala zake mbili zilikuwa zimelala barabarani, hakuzitazama mpaka nilipokanyaga chini.

Neema wa Tanga
Mungu mkubwa! Uliumia?

Kaka Mitumba
Chai imo??

Dereva 380
Bega tu. Chai ilikuwemo, nusu.

Selemani IC
Ulikuwa na mzigo ungesimama. Trela tupu hatari, niliapa sivuki tambarare na trela tupu upepo ukitangazwa.

Kaka Mitumba
Kampuni ilikulipa? Yule mkulima mmeonana tena?

Dereva 380
Kila Agosti nampelekea mbuzi. Kampuni tuiache.

Bibi Kigoma
Kwani neno lenyewe derecho ni nini? Mwaka ule kila mtu alilitamka lake.

Mhasibu
Kihispania, maana yake kilichonyooka. Aliyeupa upepo jina hilo ni Gustavus Hinrichs, mwanasayansi wa hapa hapa Iowa, mwaka 1888. Tornado inazunguka, hii inasukuma moja kwa moja. Ndiyo maana miti yote ililala upande mmoja. Mji huu ulipoteza zaidi ya nusu ya kivuli chake.

Baba Imani
Ndugu zangu, dereva tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini turudi kwenye msaada. Kuna mtu ameniandikia pembeni anaogopa kusema hapa: mwaka ule hakuomba kwa sababu kesi yake ya ukimbizi ilikuwa bado haijaamuliwa. Alikuwa analala na watoto watatu sebuleni kwa rafiki. Je, alikosea?

Kaka Mitumba
Hakukosea. Makaratasi hayajatoka, usijiandikishe popote. Watakufuata.

Salome B.
Kaka, maneno haya ndiyo yaliyowakosesha watu haki zao, samahani nitasema wazi. Nilikuwa mkalimani wa kujitolea miezi miwili. Kwa sheria ya wakati ule, mwenye hadhi ya ukimbizi alistahili. Mwenye hifadhi iliyokubaliwa alistahili. Mwenye kadi ya kijani alistahili. Ambaye kesi yake haijaamuliwa hakustahili kwa jina lake, LAKINI kama ana mtoto aliyezaliwa Marekani ndani ya nyumba ile, aliweza kuomba FEMA, idara ya maafa ya serikali kuu, kwa jina na namba ya Social Security ya mtoto. Mtoto mmoja tu alitosha. Nilikutana na familia zaidi ya moja zenye mtoto mzaliwa zilizokaa kimya mpaka mlango ukafungwa, kwa sababu kuna mtu kanisani aliwaambia "watakufuata".

Kaka Mitumba
Mimi nilisema kwa kuwatakia salama. Wewe hujawahi kukimbizwa.

Salome B.
Nimezaliwa kambini, kaka. Nimekimbizwa nikiwa tumboni.

Mzee wa Fizi
Basi, wanangu. Wote mnawatakia watu mema. Salome, endelea.

Salome B.
Asante mzee. Lingine ni ile barua ya "hustahiki". Watu waliisoma neno moja wakaichana. Mara nyingi ilikuwa na maana kwamba kuna karatasi imekosekana: mkataba wa pango, barua ya bima, au jina limeandikwa tofauti na kitambulisho. Majina yetu haya yalituponza, mtu ana majina matatu, na kila ofisi imeyapanga kivyake. Wenye bima ya nyumba au vitu ilibidi waanze na bima, kwa sababu serikali hailipi kilicholipwa na bima.

Na jimbo lilikuwa na mfuko wake kwa wenye kipato kidogo, mpaka dola 5,000. Ule uliwataka watu waonyeshe risiti. Nani alitunza risiti ya kitanda?

Bibi Kigoma
Mimi. Natunza risiti zote kwenye kopo la maziwa ya unga. Walinicheka miaka mingi. Nilirudishiwa fedha za chakula na za kitanda.

Neema wa Tanga
Bibi utufundishe.

Mama Furaha
Mimi barua ya kwanza ilisema sistahiki. Sikuwa na mkalimani, nikaamini. Mwezi wa pili baada ya upepo, dada mmoja (sijui kama ndiye wewe Salome, alivaa barakoa ya kitenge cha bluu) akanikuta kwenye chumba cha hoteli tulichowekwa, akaisoma yote mpaka chini. Kilikosekana kitu kimoja, mkataba wa pango, na mkataba ulikuwa umeenda na paa. Akaniandikia kipande cha barua kwa mkono, meneja mpya akatia sahihi. Hela ikaja. Haikutosha vitu vyote, lakini nilinunua vitanda vinne, na siku hiyo watoto hawakutaka kuvilalia, walikuwa wanavirukia tu.

Salome B.
Ndiye mimi, mama. Na kijiko ulinionyesha.

Selemani IC
Ushauri wangu kwa waliofika karibuni: piga picha kila chumba leo, sasa hivi, kabla ya upepo wowote. Makaratasi yote kwenye mfuko wa plastiki wa kuzipu, karibu na mlango.

Kaka Mitumba
Karibu na mlango utaondoka na paa. Weka bafuni. Na nunua jiko la mkaa.

Dereva 380
Mkaa nje, kaka! Mwaka ule watu walijazana hospitali kwa moshi wa jenereta na majiko waliyoingiza ndani.

Baba Imani
Salome, shangazi yangu yuko North Carolina milimani, baada ya kimbunga Helene alipata barua hiyo hiyo ya "hustahiki" akaiweka tu kwenye droo. Anasema sasa ni mwaka umepita. Bado anaweza kukata rufaa? Zile siku sitini za rufaa zinahesabiwa tangu apokee barua, au tangu tarehe iliyoandikwa juu yake?

Salome B.
Tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Zimepita, lakini mwambie asiichane. Nitumie picha ya barua yote, kurasa zote, na nyuma yake pia.