Nithamini vipi mashine kuukuu ya kukatia kadi za fremu kabla ya kuiuza?

FundiMstaafu:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nimeacha kazi ya kutia picha fremu kwa sababu ya macho, na kitu kikubwa kilichobaki karakanani ni mashine ya mkono ya kukatia kadi, yaani ile kadi nene inayoizunguka picha na kuizuia isigusane na kioo. Reli yake ina urefu wa sentimita 122, nayo ina vichwa viwili vya wembe, kimoja cha kukata wima na kingine cha mshazari wa nyuzi 45, pamoja na vizuizi vya kusimamisha mkato kwenye kona. Niliinunua ikiwa mpya zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mtu wa kwanza kuja kuitazama alitaja bei ya chuma chakavu kwa hoja kwamba siku hizi kadi hukatwa kwa kompyuta, ilhali jirani yangu ananihimiza nidai nusu ya bei ya mpya. Nianzie wapi?

Mshazari45:
Ndugu yangu, wote wawili wamekadiria umri wa mashine, na umri ndio jambo lisilo na uzito mkubwa hapa. Jambo la kwanza ni nyembe: je, nyembe za umbo na unene unaokubaliwa na vichwa vyako bado zinauzwa? Kama hazipatikani, hata reli iliyonyooka kama uzi haitakusaidia. La pili ni vipuri, hasa beringi au vipande vya plastiki ambavyo kichwa huteleza juu yake, kwa kuwa ndivyo huchakaa kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha ipime kwa kazi. Chukua kadi kamili ya sentimita 81 kwa 102, ukate dirisha, yaani tundu la kuonyeshea picha, la sentimita 60 kwa 80, halafu upime kutoka kona hadi kona ya mkabala. Pembe zikiwa mraba, vipimo vyote viwili vitakuwa sentimita 100 kamili.

KonaNne:
Naongezea tahadhari moja kwa kipimo hicho. Mashine hizi hupima upana wa pambizo kuanzia ukingo wa kadi, kwa hiyo kadi ambayo yenyewe haina pembe mraba itatoa dirisha lililopinda hata kama mashine haina kosa lolote. Linganisha kwanza vipimo viwili vya kona hadi kona vya kadi nzima. Vilevile, pima pambizo moja katika ncha zake mbili. Ikiwa upana unatofautiana, mwongozo wa pambizo, yaani kipande ambacho ukingo wa kadi huegemea, hauko sambamba na reli, na mara nyingi hilo hurekebishwa kwa kulegeza skrubu chache na kuupanga upya.

FundiMstaafu:
Ahsanteni sana. Nyembe bado zinapatikana madukani. Kadi ilikuwa na pembe mraba, na dirisha limetoa sentimita 100 kwa vipimo vyote viwili vya kona hadi kona, jambo lililonifurahisha kuliko nilivyotarajia. Hata hivyo, mkato unapita kona kwa karibu milimita 2, na mwanzoni mwa kila mkato kuna kipinda kidogo, kana kwamba wembe ulisita kabla ya kushika njia. Je, haya yanashusha bei?

Mshazari45:
Kama kona zote zinapitwa kwa kiasi kilekile, vizuizi vinahitaji kurekebishwa tu, kwa sababu hupangwa kulingana na unene wa kadi. Kiasi hicho kikibadilika kutoka kona moja hadi nyingine, hapo kichwa kinacheza kwenye reli au kadi inateleza chini yake, na ni haki mnunuzi apunguziwe gharama ya kipuri. Kipinda cha mwanzoni kwa kawaida hutokana na wembe butu au uliotokeza mno, ukajikunja unapoingia. Weka wembe mpya, tandika kipande cha kadi chini, na upunguze kina hadi wembe uache mkwaruzo hafifu tu kwenye kipande hicho. Usipake mafuta mahali kadi inapolala, maana doa lake halitoki.

Kuhusu bei, anza na bei ya sasa ya mashine mpya yenye urefu na vifaa kama vyako, wala si kiasi ulicholipa zamani, kisha utafute kiasi ambacho mashine kuukuu zimeuzwa kweli, si kile ambacho wauzaji wanatamani. Ni kweli kwamba karakana kubwa zimehamia kwenye kompyuta. Wateja wako sasa ni wapiga picha na wachoraji wanaokata kadi chache kwa wiki, na kikwazo chao mara nyingi ni nafasi, kwa hiyo taja vipimo vya meza inayohitajika mwanzoni mwa tangazo. Nyembe za akiba na kitabu cha maelekezo uviuze pamoja na mashine.

KonaNne:
Mnunuzi akifika, mkabidhi kadi akate mwenyewe, halafu dirisha hilo aondoke nalo. Wakati wa kuisafirisha, toa nyembe na vichwa, na muibebe kwa ubao wa chini, kamwe si kwa reli. Mimi niliwahi kununua moja iliyobebwa kwa reli juu ya gari lililojaa mizigo, nikatumia siku mbili kuipanga upya kabla haijakata mstari ulionyooka.