Naombeni ushauri: hadithi gani itamsaidia mwanafunzi anayechekwa na wenzake?

Mwalimu wa la Tatu: Habari za jioni, walimu wenzangu. Ninafundisha darasa la tatu lenye watoto 68, na mmoja wao ana kigugumizi ambacho wenzake humwigiza kila anaposimama kusoma. Wiki iliyopita niliwasomea hadithi ya mtoto mwenye kigugumizi, nikiamini kwamba wangeona haya na kuacha. Kabla sijafika ukurasa wa pili, darasa zima lilikuwa limegeuka kumtazama. Akalaza kichwa juu ya dawati na hakukiinua hadi kengele ilipolia. Tangu siku hiyo hataki kusoma kabisa, na roho inaniuma kwa sababu ni mimi niliyemwanika. Je, niachane na hadithi?

Mkutubi: Pole sana, mwalimu, lakini usiziache. Mwaka 1990 msomi wa Marekani, Rudine Sims Bishop, aliandika kwamba kitabu huweza kuwa kioo cha mtoto kujiona au dirisha la kuwaona wengine. Wewe ulimshikia kioo mbele ya wenzake 67, jambo ambalo hata mtu mzima asingelistahimili. Tafuta hadithi yenye uchungu uleule katika umbo jingine.

Bibi Mwalimu: Mwanangu, kwanza liache lile swali la "Hadithi hii inatufundisha nini?" kwa kuwa watoto wamekwisha kulikariri jibu lake, na wakishalitoa hutoka nje kuchekana vilevile. Chukua Sungura na Fisi wanaowajua tangu nyumbani. Fisi anapodanganywa na kupigwa, darasa huangua kicheko; hapo hapo funika kitabu, subiri watulie, kisha uulize: "Fisi akifika kwake usiku huu, atamwambia nini mama yake?" Kwangu mtoto mmoja alijibu, "Atasema ameanguka tu." Sikuongeza neno.

Mzazi: Mwanangu pia ana kigugumizi. Wengi wenye hali hiyo hawakwami wanapoimba au kusoma pamoja na wengine, hivyo chagua hadithi yenye kiitikio, naye aitikie na darasa.

Mwalimu wa la Tatu: Shikamoo, Bibi. Nawashukuru nyote. Kesho nitaanza na Fisi, na kiitikio watakisoma wote. Ila yule mtoto nimwombe radhi kabla ya kipindi au baada?

Bibi Mwalimu: Marahaba. Kabla, mkiwa wawili tu.