Hedhi imekata, naambiwa ni msongo wa mawazo. Naombeni ushauri

Daftari_Jekundu: Habari zenu wadau. Tangu niongeze kazi ya pili nalala mang'amung'amu, usiku nashtuka moyo unaenda mbio, na hedhi sijaiona miezi sasa. Mimba hakuna, nimepima. Kuna mtu ananiuzia unga wa kusawazisha homoni, anadai tezi zangu za adrenali "zimechoka". Ninywe?

Kifaru Mpole: Pole dada. Hela yako iache mfukoni kwanza.

Mtu wa Maabara: Msongo kukata hedhi kupo. Ukiwa na hofu, haipothalamasi kwenye ubongo inaiamuru tezi ya pituitari, nayo inaziamsha adrenali, zile tezi mbili zilizokaa juu ya figo, zimwage kotisoli, homoni ya msongo. Sukari inapanda kwenye damu upate nguvu ya kupambana au kukimbia. Sasa haipothalamasi hiyo hiyo ndiyo chanzo cha amri ya kupevusha yai. Msongo ukidumu, hasa kama na kula umepunguza, amri inafifia. Yai halipevuki, hedhi haiji.

Hayo ya adrenali "kuchoka" ni maneno ya wauzaji, madaktari wa homoni hawautambui ugonjwa huo. Adrenali zikishindwa kazi kweli, mara nyingi ni ugonjwa wa Addison: unakonda, presha inashuka, ngozi inakuwa nyeusi zaidi. Huo hautibiwi kwa unga.

Bi Mkubwa wa Uzi: Ila na nyie msimfungie kwenye msongo. Mimi nilipewa jibu la "punguza mawazo" muda mrefu, kumbe thairoidi, ile tezi ya shingoni, ilikuwa inazalisha homoni kupita kiasi. Moyo mbio, usingizi hamna, hedhi ya kusuasua. Mdogo wangu, mikono inatetemeka? Unakonda huku unakula?

Daftari_Jekundu: Inatetemeka dada, nilidhani ni kahawa. Kukonda nimekonda, ila kula kwenyewe ni mara moja kwa siku.

Bi Mkubwa wa Uzi: Basi nenda wiki hii. Omba wakupime TSH (homoni inayoonyesha thairoidi inavyofanya kazi) na prolaktini (homoni ya maziwa, ikizidi nayo hukata hedhi), na hiyo habari ya kula mara moja waambie, usiifiche.

Mtu wa Maabara: Naunga mkono. Kama umeshaulamba huo unga, nenda na kopo lake. Baadhi ya bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Na kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye baiotini (aina ya vitamini B), sema kabla hujatolewa damu. Vinapotosha majibu ya thairoidi.

Daftari_Jekundu: Ninavyo! Naviacha leo?

Mtu wa Maabara: Wapigie maabara, watakwambia ukae siku ngapi bila kuvinywa kabla ya kipimo.